Tone la Damu Ni Shahidi

Mwizi akipita usiku, asubuhi tunafuata nyayo. Je, akiacha tone la damu tu, nani atajua ni lake? Ni mtaalamu wa sayansi jinai. Yeye hupima damu, mate au nywele, akaieleza mahakama alichokiona.

Mwaka 1984, mtafiti Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alipata njia ya kutambua watu kwa vinasaba. Vinasaba ni alama za mwilini tunazorithi kwa baba na mama. Baadaye huko huko kijana mmoja alikiri kuua. Vipimo vikaonyesha si yeye! Muuaji wa kweli alifungwa maisha mwaka 1988. Utafiti ulimwokoa asiye na hatia.

Kwetu Tanzania, vipimo hivi hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kanda ya Kusini ina ofisi Mtwara.

Mtoto wa Mingoyo naye anaweza kazi hii. Asome kemia na bayolojia sekondari, kisha shahada ya kwanza, ya uzamili, hadi ya uzamivu, ambapo hufanya utafiti wake mwenyewe.

Nasi ndugu wanakijiji, uhalifu ukitokea, tusikanyage mahali pale wala tusifue nguo. Tuwaite polisi. Ushahidi ukiharibika, hata msomi mkubwa atashindwa.