Adapta ya lenzi za zamani: hela inakwenda wapi

Mpiga picha wa harusi anayehama kutoka DSLR kwenda kamera isiyo na kioo huwa tayari ana begi la lenzi. Akiziuza anapata hasara, akizibakiza anahitaji adapta. Hapo bei zinamchanganya: pete moja ni ya hela ya soda na chakula cha mchana, nyingine inakaribia bei ya lenzi ndogo mpya.

Kwa macho zinafanana. Nyingi ni bomba fupi, tupu katikati, halina kioo chochote. Kazi yake ni kuirudisha lenzi kwenye umbali ilioundiwa. Lenzi ya Canon EF hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, wakati kamera za Canon RF zimeacha milimita 20 tu. Adapta inajaza 24 zilizopungua. Nikon F ni 46.5, Nikon Z ni 16, kwa hiyo adapta yake ni nene zaidi. Akija mtu na adapta ya kuvalisha lenzi ya RF kwenye DSLR yako, mwache aende nayo, maana nafasi hiyo haipo.

Chuma ni rahisi kuchonga. Unacholipia ni pini na saketi ya ndani, na kama unazihitaji au huzihitaji, lenzi yako ndiyo itakayokwambia.

Ishike uitazame. Ikiwa ina pete ya kufungulia na kufungia tundu la mwanga, yenye namba kama 2, 2.8, 4 hadi 16, basi pete ya bei ya chini inatosha. Helios 44-2 ya Kisovieti, Takumar za skrubu ya M42, Canon FD, Nikkor za zamani: zote zinafanya kazi kwa mkono tangu zilipozaliwa, na adapta ya bei kubwa haitazifundisha kufokasi. Kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila lenzi, kwa sababu haitaitambua, kisha iandikie urefu wa fokasi wa lenzi ili kizuia mtikisiko kilicho ndani ya kamera kipige hesabu sawasawa. Pete hizi mara nyingi huchongwa fupi kidogo makusudi, ili vitu vya mbali visikose kufokasika, kwa hiyo usiyaamini maandishi ya umbali yaliyo kwenye lenzi.

Canon EF ni habari nyingine. Tangu mfumo huo ulipotoka mwaka 1987, tundu lake huendeshwa kwa umeme. Ukiivalishia pete isiyo na pini, tundu linabaki wazi kabisa na fokasi haiendi yenyewe. Muuzaji atakwambia inaingia. Kuingia itaingia.

Adapta za Canon wenyewe za EF kwenda RF zilitangazwa mwaka 2018 za aina tatu, kwa bei hizi za Marekani: ya kawaida dola 99, yenye pete ya kuzungushia mipangilio dola 199, na ya kuchomeka filta dola 299 au 399 kutegemea filta. Ya kawaida inafanya kila kitu cha msingi. Ya pili naiona anasa. Ya tatu ina maana kwa mtu wa video: filta moja ya kupunguza mwanga inakaa nyuma ya lenzi na kuhudumia lenzi zote, hata zile pana zenye kioo cha mbele kilichobenuka.

Kwa Nikon kuna adapta ya FTZ, ambayo haina mota. Lenzi ya AF-S itafokasi, AF-D haitafokasi yenyewe, kwa hiyo 50 mm f/1.8D, ambayo ni AF-D, na 50 mm f/1.8G, ambayo ni AF-S, hapa si ndugu tena.

Mwenye Sony akitaka kutumia lenzi za Canon ana adapta za Metabones, Viltrox na Sigma MC-11, hii ya mwisho ikiwa imelengwa kwa lenzi za Sigma zenyewe. Picha za mnato zinapigika vizuri. Kumfuata bibi harusi akiingia ukumbini kwa video, mimi nisingezitegemea.

Sasa hesabu. Una EF 50 mm f/1.8 peke yake? Usinunue adapta; RF 50 mm f/1.8 ilitoka mwaka 2020 kwa dola 199, ongezea hela uchukue hiyo. Una EF 70-200 mm f/2.8? RF yake ilianza kwa dola 2,699, na hapo bei ya adapta ya kawaida haina mjadala. Lakini lenzi za EF-S, zilizoundwa kwa sensa ndogo, usizipe thamani hiyo: kwenye EOS R6 ya megapikseli 20 kamera inakata picha katikati, na unachobakiwa nacho hakifiki megapikseli 8.

Dukani nenda na kamera na lenzi yako nzito kuliko zote. Funga, kisha zungusha taratibu usikilize kama inacheza. Washa, uone namba ya f kwenye skrini ikibadilika unapoibadilisha. Halafu toka nje, piga jengo la mbali, na uikuze picha kabla hujatoa pesa.