Tunapopanga nyumba, tuulize kwanza: hiki ni cha nani?

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu zetu wasomaji, Uqba bin al-Harith (R.A.) amesimulia, katika mapokezi ya Imam Bukhari, kuwa siku moja aliswali Alasiri mjini Madina nyuma ya Mtume (S.A.W.). Mtume alipotoa salamu aliinuka kwa haraka, akapita katikati ya safu za watu, akaingia katika chumba cha mmoja wa wakeze. Watu wakaingiwa na wasiwasi. Aliporejea aliwaeleza kuwa alikumbuka kipande cha dhahabu kilichokuwa nyumbani, akachukia kisije kikamzuia, na hivyo ameamuru kigawiwe.

Kitu kimoja tu kilimnyima utulivu. Je, sisi ambao nyumba zetu zina vitu tusivyovikumbuka hata majina, tumetulia kwa sababu gani?

Tuchukue mfano wa Hanga, mkoani Ruvuma, sehemu iliyokuwa ikihesabiwa Songea na ambayo sasa imo katika Wilaya ya Namtumbo, iliyoanzishwa mwaka 2002. Huko mahindi ndiyo chakula na ndiyo fedha. Mavuno yanapoingia ndani, mara nyingi sebule hugeuka ghala. Magunia huegemezwa ukutani, maharage huingia uvunguni mwa kitanda, na bomba la kupulizia dawa hukaa pembeni pamoja na mbolea iliyobaki. Juu yake hurundikwa ndoo iliyopasuka, baiskeli isiyo na mnyororo na sanduku la nguo ambalo halijafunguliwa tangu msiba wa mzee. Mwishowe vitu hupata vyumba, na watoto hubanana.

Hatusemi kuwa mkulima aishi katika nyumba tupu. Aliye mbali na duka ana haki ya kuweka msumari na kipande cha kamba, kwani wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ni kitu kinachojulikana kilipo, kiasi chake na kazi yake. Shuka iliyoliwa na mende chini ya magunia haikuwa akiba. Ilikuwa neema iliyoachwa ipotee, wakati jirani alikuwa akijifunika kanga katika baridi ya mwezi wa Julai.

Basi kazi hii ifanywe vipi? Twashauri familia ianze na chumba kimoja tu, asubuhi ya siku isiyo na shamba. Mkeka utandikwe uani, kila kilichomo kitolewe nje, kisha vitu vigawanywe mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vile tunavyovitumia. Hivi virudi ndani, kila kimoja mahali pake. Mahindi yakaushwe vyema kabla ya kuhifadhiwa, na magunia yawekwe juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huweza kuzaa sumukuvu, sumu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Aidha, palipo na nafaka ovyo hapakosi panya. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha, katika Hadithi aliyoipokea Jabir (R.A.), tufunike vyombo, tufunge milango na tuzime taa tunapolala, akataja kuwa panya huweza kuuvuta utambi na kuwachomea watu nyumba yao. Anayeweka kibatari karibu na magunia aizingatie sana nasaha hii.

Fungu la pili ni vitu vyetu tusivyovihitaji lakini vingali na manufaa. Hivi ni vya kutoa sadaka au kuuza. Tuchunge hapa jambo moja: Qur'an katika Sura ya 2, aya ya 267, inatukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya, ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nguo ifuliwe, kifungo kishonwe, sufuria isuguliwe, ndipo apewe mtu. Masikini si jalala la kupokea tulichoshindwa kukitupa.

Fungu la tatu ni taka. Makopo na matairi yanayotuama maji ni mazalio ya mbu. Mifuko ya plastiki, ambayo nchi yetu iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, bado imebanwa chini ya magodoro ya wengi wetu. Hatari zaidi ni chupa za dawa za shambani. Chupa hiyo, hata ioshwe namna gani, isiwekewe mafuta, maji wala maziwa ya mtoto. Isuuzwe mara tatu, maji yake yamiminwe katika bomba yakapulizwe shambani, kisha itobolewe ili asipatikane wa kuitumia tena, na afisa ugani aulizwe pa kuipeleka.

Fungu la nne ndilo lililotufanya tuandike makala hii, nalo ni vya watu. Kuna sufuria tuliyoazima siku ya walima, jembe la jirani lililopitiwa na misimu miwili, na kitabu cha madrasa. Sura ya 4, aya ya 58, inatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Vitu hivi si vya kutupa wala kutoa sadaka, kwa sababu si vyetu. Hali kadhalika, mke asigawe vya mumewe, wala mume asiuze vya mkewe, kwa kisingizio cha kusafisha nyumba. Washauriane.

Katika fungu hili zimo pia mali za marehemu. Ni mazoea katika sehemu nyingi kwamba msiba ukifikia arobaini, au hata kabla, jamaa huingia chumbani "kusafisha". Mmoja huchukua baiskeli, mwingine koti, mwingine cherehani. Mjane hukaa kimya, na watoto hawaulizwi. Chumba hubaki safi, lakini kimesafishwa kwa dhulma. Mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawiwe. Mjane ana robo ikiwa mumewe hakuacha mtoto, na thumni ikiwa ameacha. Binti ana fungu lake, hata kama fungu hilo ni sehemu ya thamani ya baiskeli. Na vyombo ambavyo mjane alivinunua kwa fedha yake, pamoja na mahari yake, si mirathi kabisa. Anayekula mali ya yatima kwa dhulma asome Sura ya 4, aya ya 10, kabla hajabeba chochote.

Kwa hiyo, kabla sanduku la marehemu halijafunguliwa, liwepo daftari. Vitu viandikwe kimoja kimoja mbele ya mashahidi na warithi. Panapotokea mzozo, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kuteua msimamizi wa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila.

Mwaka 2010 huko Japani, Bibi Marie Kondo alitoa kitabu cha kupanga nyumba kilichokuja kuuzwa mamilioni ya nakala duniani. Kipimo chake ni iwapo kitu kinamletea mwenyewe furaha. Hatukibezi kipimo hicho. Lakini kwetu lipo swali linalotangulia furaha: hiki ni cha nani?

Na akina baba wasimwachie mama kazi hii peke yake. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali.

Tuanze leo baada ya Alasiri, kama alivyofanya yeye. Pengine jembe la jirani lingali nyuma ya mlango.

Wabillahi tawfiq.