Maji meupe kutoka machimbo: tuulize kabla ya kuyafungulia shamba

Kule Kivu na Maniema, kasiteriti na koltani zinaoshwa mu mito. Maji yanashuka mekundu na kujaza udongo wa mfinyanzi mu mifereji ya mupunga na mabwawa ya samaki. Ukiyaweka mu bidoni asubuhi, jioni bado ni mekundu. Sababu gani?

Punje za udongo ule ni ndogo sana, hazifiki milimita 0,002. Tena kila punje ina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zinaelea.

Njo pale flokulanti inasaidia. Ni polima, maana yake mnyororo mrefu wa molekuli. Inashika punje nyingi mara moja na kuzifunga, kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Mafungu yanakuwa mazito, yanashuka chini, maji yanabaki juu. Ku machimbo wanatumia sana poliakrilamidi. Unga wake unayeyushwa kwanza mu maji safi, kisha unamiminwa kidogo kidogo huku wakikoroga polepole. Ukikoroga kwa nguvu, mafungu yanavunjika. Ukizidisha dawa, punje zinaweza kuelea tena.

Munaweza kujionea wenyewe. Jazeni chupa mbili maji mekundu. Mu moja, tieni mbegu za moringa zilizomenywa na kutwangwa, mukoroge polepole, kisha mungojee saa mbili. Linganisheni chupa zote mbili.

Tope linalobaki chini bado lina maji mengi. Linaanikwa ku jua, ao linatiwa mu mifuko mikubwa ya kitambaa inayochuja maji.

Lakini tuelewane vizuri: flokulanti inatoa udongo. Zebaki na metali zilizoyeyuka mu maji zinaweza kubaki. Maji kuwa meupe haimaanishi ni salama. Tena polima zenye chaji chanya zinanata ku mashavu ambayo samaki wanapumulia, na zinaweza kuwaua.

Kwa hiyo, kabla koperative haijakubaliana na wachimbaji, tuulize mambo matatu:

1. Wanatumia polima gani, na kipimo gani?
2. Tope litawekwa wapi, ili mvua isilirudishe mtoni?
3. Nani atapima metali mu maji, na matokeo tutayaona lini?

Wakisema tope ni mbolea, tusilipokee bure. Kwanza lipimwe. Shamba likishaharibika, kulirudisha kunachukua miaka.