Kabla ya kununua bwawa, pima tope

MWEKEZAJI mdogo wa Kituntu, wilayani Karagwe, anayetaka kuingiza fedha za kahawa katika bwawa la samaki hutazama mambo matatu: bei ya kiwanja, wingi wa maji na umbali wa soko. La nne husahaulika. Ni tope lililo chini ya maji.

Maji ya mto hupita. Sampuli iliyochotwa leo asubuhi haielezi kilichomwagwa mwezi uliopita. Metali nzito kama zebaki na risasi hushikamana na chembe laini za udongo, zikazama na kukaa chini miaka mingi. Kwa lugha ya uhasibu, maji ni fedha iliyomo sandukuni leo. Tope ni daftari la miaka yote. Minyoo hula tope, samaki hula minyoo, mteja hula samaki.

Karagwe na Kyerwa zinapakana na Mto Kagera, unaomwaga maji yake Ziwa Victoria. Kyerwa kuna machimbo ya bati. Kuosha bati hakuhitaji zebaki, tofauti na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wanaoitumia kunasa dhahabu. Lakini kuosha huko huteremsha udongo mwingi, na miamba yenye bati mara nyingine huwa na aseniki. Kwa hiyo vipimo vifuate shughuli zilizoko juu ya mkondo. Kulipia kipimo kisichohusika ni hasara.

Vipimo vitatu

Wataalamu hawaamui kwa kipimo kimoja.

Cha kwanza ni kemia. Mizani inayotumika sana kwa maji baridi ilitolewa mwaka 2000 na MacDonald, Ingersoll na Berger. Kila metali ina namba mbili, kwa miligramu katika kilo ya tope kavu: chini ya namba ya kwanza madhara ni nadra, juu ya ile ya pili hutarajiwa. Zebaki ni 0.18 na 1.06, aseniki 9.79 na 33, risasi 35.8 na 128.

Cha pili ni sumu. Wadudu wadogo wa majini hufugwa maabara ndani ya tope hilo, kisha vifo vyao hulinganishwa na vya wale waliofugwa katika tope safi.

Cha tatu ni hesabu ya viumbe wanaoishi chini ya maji hapo hapo bondeni. Aina zikiwa chache mno, kuna tatizo, ingawa laweza kuwa upungufu wa hewa na si sumu.

Vyote vitatu vikiwa vibaya, acha biashara hiyo. Kemia ikiwa juu peke yake, huenda metali imefungwa katika udongo na haiwafikii viumbe. Hapo teta bei, na upime tena kila mwaka.

Hasara ya kutojua

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Aliyevua kihalali aliumia pamoja na mkosaji, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kumtetea. Kusafisha nako ni ghali. Huko Minamata, Japani, kazi ya kuondoa na kufukia tope lenye zebaki ilichukua kuanzia 1977 hadi 1990 na kula yen bilioni 48.5.

Mnunuzi wa bwawa afanye hivi: achukue tope laini mahali maji yanapotulia, si mchanga, achukue na jingine juu ya mkondo, mbali na machimbo, kwa kulinganisha, kisha apeleke yote kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu yasomwe kabla ya kutia saini. Baada ya hapo, tope ni mali yako.