Bwana mbaya katika hadisi za mapendo: juu ya nini iko mbaya?



Wengi wetu tunasoma hadisi za mapendo kwenye telefoni. Zinatumwa kipande kwa kipande katika magrupu ya WhatsApp, na mtu anaweza kukesha akingoja sehemu inayofuata. Karibu kila hadisi ina bwana mbaya. Anakunywa, anapiga, ana wanawake inje, kisha kijana mwema anatokea na kumwokoa bibi. Ukiuliza juu ya nini yule bwana iko vile, hakuna jibu. Iko mbaya juu iko mbaya, basi.

Jibu hilo halitoshi, na hasara yake inafika mpaka ndani ya nyumba zetu.

Bwana asiye na sababu hafanani na mtu yeyote tunayemjua. Dada mmoja hapa Lushebere anasoma ile hadisi, kisha anaangalia wake. Huyu analipa feza za shule, anasalimia wazee, anaenda kanisani. Ni kweli anachukua feza ya maharagi ambayo bibi alilima mwenyewe, na akikasirika anapiga. Lakini dada analinganisha na yule shetani wa hadisi, anasema: "Wangu haiko vile, namushukuru Mungu." Hadisi ilipaswa kumfungua macho. Imemfunga.

Waandishi wakubwa wa Kiswahili walionyesha njia nyingine. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Bwana Maksuudi anawafungia ndani bibi yake Tamima na binti yao Maimuna, huku yeye mwenyewe akiendea wanawake wengine. Ni mkali kweli. Lakini msomaji anaona anachokitafuta: cheo na heshima mbele ya watu. Katika Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi, ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, Yasmin anaozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza, mwenye umri wa kuwa baba yake. Raza si shetani. Ni mwenye duka aliyeoa kama desturi ilivyomruhusu. Ubaya uko katika mpango wenyewe: matakwa ya msichana hayakuhesabiwa. Ndiyo maana Yasmin akimwacha, tunaelewa uzito wa hatua ile.

Na kwetu, sababu ziko tele. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987 iliweka bwana kuwa kichwa cha nyumba, na bibi alihitaji ruhusa yake ili kufanya mapatano mbele ya sheria. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliondoa ile ruhusa, lakini bwana alibaki kichwa cha nyumba, na mali ya ndoa ikabaki sharti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Masisi, familia yake ilitoa ngombe kwa mali. Wazee wakamwambia: "Sasa ni wako." Vita ikachukua ngombe waliobaki. Wakakimbilia Goma, bibi akaanza kuuza nyanya, na yeye ndiye anayelisha nyumba. Siku bibi anamnunulia bwana shati mpya, anapigwa. Juu ya shati! Hapo msomaji hahitaji kuambiwa kwamba huyu bwana ameona haya, na kwamba haya yake ameigeuza kuwa fimbo.

Wengine watasema: "Ukieleza sababu, unamtetea." Hapana. Sababu si ruhusa. Katika hadisi ile ile, weka jirani aliyepoteza ngombe vilevile, ambaye asubuhi anambebea bibi yake kapo ya nyanya mpaka sokoni. Sasa inaonekana wazi: vita ilichukua ngombe za wote wawili, lakini kupiga, mmoja alichagua. Bwana aliyezaliwa shetani hana hatia, kwa kuwa hakuchagua kitu.

Kwa hiyo, ninyi mnaoandika, kabla ya kumpa bwana chupa na fimbo, jiulizeni mambo matatu. Anaogopa nini? Nani alimfundisha kwamba bibi ni kitu chake? Na akipiga, anapata faida gani? Mkijibu hayo, hata mapendo yatakuwa na nguvu zaidi. Kumkimbia shetani kunahitaji miguu tu. Kumwacha mtu ambaye watu wote wanamsifu, ambaye familia yake ilitoa mali, ambaye pengine bado unamhurumia, kunahitaji moyo. Hadisi ya namna hiyo dada yetu ataisoma mpaka mwisho, kisha ataweka telefoni chini na kufikiri juu ya nyumba yake.