Mtoto Akiwa Nyuma ya Bodaboda, Je, Jela ni Haki?

Swali letu la wiki hii linawagusa watu wawili: kijana anayeendesha pikipiki kwa mwendo wa kasi, na mtoto wa shule aliyekaa nyuma yake. Kijana huyo akikamatwa, apelekwe jela? Wapo wanaojibu haraka kwamba ndiyo, tena afungwe miaka mingi. Wapo wanaosema anatafuta riziki, aonywe aachiwe. Kabla hatujaegemea upande wowote, hebu tulitazame kosa lenyewe.

Tuanzie Nyakitonto. Kata hiyo iko katika Wilaya ya Kasulu, upande wa kuelekea Kibondo, katika nchi ya Buha yenye vilima na mabonde. Kwa miaka mingi barabara za huko zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Makorongo yalifanya kazi ya trafiki: mtu hakuweza kukimbia hata akitaka. Sasa barabara kuu ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 hivi, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande katika miaka hii ya 2020. Ni jambo la kushukuru. Lakini lami hiyo hiyo imeondoa makorongo, na dereva aliyezoea kwenda kilomita 30 kwa saa sasa anaweza kwenda 80 bila hata kuhisi.

Na 80 si mchezo. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, hupita mita 14 hivi kila sekunde. Mbuzi akikatiza, dereva hutumia kama sekunde moja kutambua hatari na kushika breki; mita 14 zimekwisha. Breki nzima kwenye lami kavu zitakula nyingine 14 kabla chombo hakijasimama. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 80, hesabu hiyo hiyo inafika mita 57. Mwendo haujaongezeka hata maradufu, lakini umbali wa kusimama umezidi maradufu. Hapo bado hatujahesabu mteremko, mchanga juu ya lami, wala breki zilizochakaa.

Sasa weka watoto watatu juu ya pikipiki hiyo, ule tunaouita mshikaki. Mmoja amekaa mbele juu ya tangi, akibana mikono ya dereva kwenye usukani. Wawili wako nyuma, miguu haifiki pa kukanyagia, na mikoba yao imening'inia. Kofia ngumu ipo moja, nayo ameivaa dereva.

Sheria haikunyamaza juu ya hili. Kanuni za mwaka 2010 za leseni za pikipiki na bajaji zinakataza kumpakia mtoto mwenye umri chini ya miaka 9. Hazisemi apakiwe polepole, zinasema asipakiwe. Lakini simama asubuhi nje ya shule yoyote ya msingi mjini, uhesabu mwenyewe wanaoshushwa hapo. Wengine wana mkataba wa mwezi, umefungwa baina ya dereva na mzazi.

Tukija kwenye adhabu, Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inatofautisha kuzidisha mwendo, kuendesha kwa hatari, na kusababisha kifo au majeraha. Wenzetu nao hufanya hivyo. Kwa mfano Uingereza, mwendo kasi peke yake haumpeleki mtu jela. Hutozwa faini na kuwekewa pointi kwenye leseni, na zikifika 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida hufungiwa kuendesha. Lakini tangu Juni 2022, anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari nchini humo anaweza kufungwa maisha. Yaani wanapima hatari na madhara, hawaangalii tu namba iliyosomeka kwenye tochi.

Mimi naona mtoto ndiye anayepaswa kubadili vipimo. Mtu mzima anayepanda bodaboda anaweza kumwambia dereva, “kaka, punguza mwendo,” akikataa akashuka. Mtoto wa darasa la pili hana sauti hiyo. Dereva anayekimbia kilomita 80 na watoto watatu kwenye eneo la makazi hawezi kusema amepitiwa tu na mwendo. Huyo ameendesha kwa hatari, na ashitakiwe kwa kosa hilo. Akiua au akimtia mtoto kilema, jela ni haki yake, na sioni cha kumwonea haya.

Ila kwa yule aliyekamatwa kabla hajamdhuru mtu, tena kwa mara ya kwanza, jela siiungi mkono. Kijana wa miaka 22 akitupwa miezi sita ndani pamoja na wezi wazoefu, atatoka na ujuzi gani? Kuendesha vizuri hatafundishwa humo. Tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3 inairuhusu mahakama kumtumikisha mkosaji nje ya gereza bila malipo. Afyeke nyasi za kituo cha afya kule wanakopokelewa waliovunjika miguu, na leseni yake izuiwe.

Faini nayo ina kasoro. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini za papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Uamuzi ule ulikuwa na busara, maana pikipiki si basi. Lakini shilingi 10,000 kwa aliyewapakia watoto watatu ni sawa na gharama ya kawaida ya biashara. Huilipa, kisha huongeza mwendo ili airudishe kabla ya jioni.

Na hapo ndipo penye kiini cha kasi yenyewe. Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha. Mwenye chombo anataka hesabu yake kila siku, inyeshe isinyeshe. Aliye kwenye mkataba wa kumiliki anajua kwamba akikosa hesabu siku kadhaa, chombo kinarudi kwa mwenyewe, na miezi yote aliyolipa imepotea. Hata ukimfunga, hesabu inabaki pale pale ikimsubiri kijana mwingine.

Ilipotokea ajali ya basi la shule ya Lucky Vincent kule Karatu, Mei 6, 2017, walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Katika msiba ule mmiliki wa shule alifikishwa mahakamani. Kwa basi tulikubali kumtazama mwenye chombo. Kwa bodaboda tunaishia kwa aliyeshika usukani, wala hatuulizi kama chombo kilikuwa na bima, ambayo sheria inaitaka na ambayo ingesaidia kumlipa fidia mtoto aliyevunjika. Dereva akiwa gerezani hawezi kulipa matibabu ya mtu.

Kama ni haki tunaitafuta, basi mzazi aliyewapandisha watatu aitwe naye aeleze, na mwenye pikipiki aitwe akiwa na karatasi zake za bima na leseni. Mpaka sasa, dereva anapopanda kizimbani, mara nyingi mwenye chombo huwa ameshapata kijana mwingine pale kijiweni, na hesabu ni ile ile.