Mguu Mmoja Umevimba? Usikimbilie Kusema ni Uzee

Hebu niambie ukweli: ni lini mara ya mwisho uliangalia miguu ya mama yako? Siongelei viatu ulivyomnunulia Krismasi. Naongelea miguu yenyewe, chini ya khanga. Wengi wetu tuko Dar, wazazi wako Kilosa au Mikumi, habari zao tunazipata kwa simu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Miguu vipi? Aa, uzee tu. Basi, yameisha, unarudi kwenye kompyuta yako.

Sasa hilo "uzee tu" linaweza kuficha jambo zito: damu kuganda ndani ya mishipa mikubwa ya mguuni, ile inayorudisha damu kwenye moyo. Bonge likishajengeka humo, mguu unavimba na kuuma. Likimeguka, kipande kinasafiri na damu mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Umri una mchango wake, tena mkubwa kuliko nilivyodhani kabla sijaanza kusoma habari hizi. Takwimu za Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 40, anayepatwa ni karibu mtu 1 kati ya 10,000 kwa mwaka. Kwa waliovuka 80 tunakaribia 1 kati ya 100. Fanya hesabu mwenyewe.

Katika karne ya 19 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza jinsi bonge linavyotoka kwenye mshipa na kwenda kukwama mapafuni. Mpaka leo madaktari wanataja kwa jina lake mambo matatu yanayogandisha damu: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Uzee unagusa yote matatu. Damu ya mguuni inapanda juu kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu, kila hatua ni kama kupiga pampu, na ndani ya mshipa kuna vilango vinavyoizuia isirudi chini. Miaka ikienda, misuli inapungua, vilango vinalegea, na baadhi ya protini za kugandisha damu zinaongezeka. Ongeza nyonga iliyovunjika, operesheni, saratani, au wiki mbili tu za kulala kitandani.

Mama yangu mkubwa anaishi Kilosa, ana miaka 71. Aliugua, akalala ndani siku nyingi, alipoinuka mguu wa kushoto ulikuwa umejaa. Majirani wakasema amekanyaga kitu, kategewa. Mwingine akasema matende. Akaletwa mama wa kumchua kwa mafuta ya nazi, asubuhi na jioni. Aliyeshtuka ni binti yake, fundi cherehani. Alichukua futi yake ya kazini akapima mashavu ya miguu yote miwili mahali pamoja: tofauti ilikuwa karibu sentimita 4. Daktari alipoambiwa hivyo hakucheka, maana tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ni mojawapo ya dalili wanazozihesabu. Altrasaundi ikaonyesha bonge, sindano zikaanza siku hiyohiyo.

Matende yapo kweli, hasa pwani, ila huja taratibu kwa miaka. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu, ni habari nyingine. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo weka kiganja, linganisha joto la mguu huu na ule. Na tafadhali, usiruhusu uchuliwe, maana bonge linaweza kumeguka.

(Wanandoa, hapa gawaneni kazi. Mkwe wa kiume hawezi kumwambia mama mkwe afunue mguu, itakuwa kesi ya ukoo mzima. Kila mtu aulize kwao.)

Halafu kuna safari. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti: kusafiri umekaa saa nne au zaidi, iwe ndege, treni, basi au gari, huongeza hatari hii karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, karibu 1 kati ya 6,000, lakini mzee haanzii pale unapoanzia wewe. Wanaotoka Iringa na wazazi wanajua, barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, na humo hakuna kushuka, labda uwe na ahadi na simba. Washushe pale Mikumi mjini kabla ya kuingia, watembee kidogo. Basi likisimama watu wachimbe dawa, wazee wengi hubaki wamekaa, eti wanalinda mizigo. Mizigo ilinde wewe. Wa Kilosa wamepata nafuu tangu treni ya umeme ya kwenda Dodoma ianze mwaka 2024, kwani ndani ya behewa mtu anaweza kuinuka akatembea.

Na wewe kijana usijione uko salama kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ujauzito, na hasa wiki za kwanza baada ya kujifungua huongeza hatari. Serena Williams alikuwa na miaka 35 alipojifungua kwa upasuaji mwaka 2017. Kesho yake pumzi ikambana, na kwa kuwa alishawahi kuugua hivyo mwaka 2011, aling'ang'ania apimwe. Mabonge yakaonekana mapafuni. Kubanwa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu: ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Matibabu yapo. Sindano za heparini, kisha vidonge kama wafarini au rivaroksabani, mara nyingi kwa miezi mitatu au zaidi. Shida ni kwamba dawa hizi zinafanya mtu avuje damu kirahisi, na wazee wetu kwa diklofenaki ya duka la dawa na mizizi ya jirani hawajambo. Ukienda nyumbani wikiendi, omba uone mfuko wa dawa wa mama, vimwage vyote mezani, kisha mpigie daktari wake umsomee majina moja baada ya jingine.